Mkono wa Kushoto

Kwa miaka kumi na minne Mwalimu Hawabai alianza kila somo la selo, ile fidla kubwa, kwa kuushika mkono wa kushoto wa mwanafunzi. Anayefanya mazoezi huota sugu kwenye ncha za vidole kwa kubonyeza nyuzi. Vya mvivu hubaki laini.

Desemba 1996 mwanafunzi wake wa mwisho, ambaye sasa alipiga selo katika okestra moja Uingereza, alipanda ngazi za nyumba yake pale Ndia Kuu.

"Jumamosi nina onyesho ukumbini, Mwalimu. Nataka tupige sote wawili, kama zamani."

"Tutapiga. Sikuacha hata siku moja."

Msichana akacheka. "Haya, lete mkono. Leo zamu yangu kukukagua." Akanyoosha wake wa kushoto, vidole vinne vigumu kama pembe.

Chini ya mtandio, Hawabai alipitisha kidole gumba juu ya ncha za vidole vyake mwenyewe. Zilikuwa laini kama za mtu aliyetoka kufua.

"Karibu nyumbani, mwanangu," alisema, akampa mkono wa kulia.