Sharti la Kwanza la Madalali

Kwanza Saumu aliona kwamba mteja alivua ndala mlangoni, ingawa nyumba ilikuwa tupu.

Zamani, madalali wa mji ule walichoka kuitwa waongo wakaunda chama. Sharti la kwanza alilipendekeza Saumu mwenyewe: taja kasoro za nyumba kabla mteja hajauliza.

"Paa linavuja," alisema. "Jikoni kuna mchwa."

Mteja alicheka. "Mama, wewe ni dalali au adui wa mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ni mimi."

Walifika uani. Saumu alikipita kisima bila kukitaja. Mteja, mtoto mgongoni, aliinama kuchungulia kisima.

"Maji yake matamu?"

Saumu alimshika mkono, akamrudisha nyuma. Hakuwahi kulitamka jambo hili, hata msibani.

"Matamu. Mwanangu Raya alizama humu."