Chumvi ya Ngiri

Ngiri alichukia kuona wenzake wakililamba jiwe la chumvi kwa zamu. Akaling'oa, akalificha ndani ya kidimbwi pekee kilichobaki kiangazi kile. Aliporudi kulichukua, hakulikuta.

"Wewe Chura, nani kaniibia?"

"Hakuna, mzee. Limeyeyuka. Limo humu humu, kila tone. Hata mimi ngozi inaniwaka."

"Nirudishie chumvi yangu!"

"Labda usubiri maji yakauke."

Ngiri akaketi ukingoni kusubiri. Wanyama walikuja, wakaonja, wakatema, wakahama. Jua likakikausha kidimbwi, na chumvi ikabaki nyeupe juu ya tope, kando ya Chura aliyekauka.

Ngiri akalamba, akalamba tena, mpaka kiu ikamkaba. Akageuka kutafuta maji.