Sauti ya Mama Kilimani

Nilichogundua kwanza ni kwamba ile sauti haikohoi. Mama alikuwa akikohoa kidogo kabla ya kutaja jina la mmea.

Kwetu jangwani, mtunza kilima akifa sauti yake hubaki kilimani, na kila Siku ya Kilima watu huiuliza kuhusu mawe, mimea na mambo ya kale. Mwaka jana, Siku ya Kilima ya kwanza tangu Mama afe, niliuliza habari za mgunga tu, nikaondoka.

"Uliza basi, Tumme, tunaungua na jua," akasema mtu aliyesimama nyuma yangu. "Au umekuja kupigwa picha?"

Watu wakacheka.

"Mama," nikaita.

"Uliza kuhusu kilima, mwanangu," ikajibu, kama inavyomjibu kila mgeni.

"Siku ya Kilima ya mwaka juzi, ulipoanguka ukaniita, nilikusikia lakini sikuja. Niliona haya kupita mbele ya wageni."