Rede Uani kwa Bi Mwantumu

Wasichana walipoacha kucheza rede, nafasi ya kila mchezaji aliyekosekana ilijazwa na kivuli chake cha mwanga, chenye sauti na mbio zake za ujanani. Sheria ilikuwa moja tu: pasipo mtu mwenye pumzi mchezoni, vivuli vyote vinazimika. Tanga nzima alibaki akicheza Bi Mwantumu peke yake, miaka sabini na mmoja.

Ijumaa hiyo alianua nguo uani, akajifunga kanga kiunoni. Leo ilikuwa zamu ya kivuli cha dada yake Chausiku, aliyefariki akiwa na miaka ishirini na mitatu, kuwashwa kwa mara ya kwanza.

Wenzake wote wa timu, Chausiku akiwemo, walikuwa wameshapigwa mpira, wametoka. Akiijaza chupa mchanga huku akikwepa mpira, atawakomboa. Mpira ukaja, akainama! Ukarudi, akaruka, goti likalia!

“Mama, utavunjika!” binti yake akapiga kelele kutoka jikoni.

“Niache, mwanangu, imebaki vidole viwili ijae!”

Chupa ikafurika. “Redeee!” Vivuli vikalipuka kwa vigelegele. Chausiku akaja mbio, anacheka vilevile kama zamani. Bi Mwantumu akafungua mikono.

“Hongera, bibi!” Chausiku akasema, akichungulia nyuma yake. “Umemwona mdogo wangu Mwantumu? Mwambie tumeshinda!”

Bi Mwantumu akashusha mikono.

“Nitamwambia.”