Seva ya Chumba cha Nyuma

"Ukitaka kuitumia, itumie ilivyo," mzee alisema. "Ubao wa ndani usiutoe, mwanangu."

Injinia aliendelea kulegeza skrubu za kasha la chuma lililolala juu ya meza ya chakula, bapa, refu, zito hata lilibebwa na watu wawili. Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, na ushauri umeshaanza. Na wa nani? Wa mtu aliyeiua mashine hii hii.

Jina la Injinia alipewa kazini, naye hakulikataa. Kampuni iliposafisha stoo yake aliinunua seva hii mbovu kwa bei ya chuma chakavu, aijenge upya: diski mpya nane, feni mpya, picha na video zote za familia zikae nyumbani mahali pamoja. Tatizo lake lilikuwa kelele. Ikiwaka hunguruma kama mashine ya kusaga, kwa hiyo ilihitaji chumba chake. Chumba kilichofaa kilikuwa cha nyuma, na cha nyuma alikuwa akilala baba mkwe wake, mzee huyu huyu.

"Baba haondoki hapa kwa maneno matupu," mkewe alikuwa amemwambia. "Miaka miwili unasema aliiharibu. Nionyeshe kwa macho yangu. Nikiona, nitampeleka kwa shangazi mimi mwenyewe."

Basi hilo tu. Begi la mzee lilikuwa tayari mlangoni. Injinia alilifunga kwa mkono wake, wala hakujisumbua kukunja mashati.

Kazini walimwita mzee Fundi Daftari. Kila skrubu aliyoigusa aliiandika: tarehe, saa, nani alikuwepo. Alikuwa na bisibisi zake tatu za mipini ya mbao na hakuazima ya mtu. Kuongeza kadi moja ya kumbukumbu kulimchukua nusu siku. Ijumaa moja Injinia, mkuu wa idara yao, alimwonyesha kwenye seva hii hii kazi inavyofanywa: alitoa boksi lake la bisibisi, akafungua, akapachika kadi, akafunga. Dakika tano. Aliitazama saa yake makusudi ili mzee aone, na mzee akaandika.

Jumatatu iliyofuata mzee akabonyeza kitufe, seva ikapiga shoti, ikaondoka na mafaili ya miaka sita. Injinia aliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Hakuona haja ya kuifungua mashine. Kidole kilichowasha kilijulikana ni cha nani. Kwenye kikao mzee aliambiwa alete daftari lake, akasema limepotea. Mtu asiyepoteza hata nati, siku ya kuulizwa ndipo limepotea. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Akafukuzwa miezi mitatu kabla ya kustaafu, akahamia kwa binti yake na begi lile lile.

"Mama Pacha," Injinia aliita. "Njoo uone kazi ya baba yako."

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono, mapacha wao wakimfuata nyuma. Walikuwa wametimiza miaka miwili wiki iliyopita. Mzee alikuwa amesimama karibu na dirisha, tochi yake mkononi, hajaiwasha.

Injinia alitoa ncha nyingine kwenye boksi lake la bisibisi, lile ambalo mkewe alimpa siku ya harusi. Mpini mmoja, ncha ishirini na nne za kubadilisha, kila moja na tundu lake. Tundu moja lilikuwa tupu.

"Hata hii," alisema, akiligusa kwa kidole. "Nani mwingine angeipoteza?"

Mkewe alishawahi kumuuliza baba yake habari za ncha hiyo. Mzee alikuna kidevu, akasema huenda ni yeye.

"Mwanangu," mzee alisema sasa, "begi langu liko tayari. Naondoka leo leo. Ubao uache."

Injinia aliangua kicheko. "Umemsikia? Amekiri mwenyewe."

"Sijakiri kitu."

"Basi unaogopa nini?"

Mzee aliigeuza tochi mkononi. Ndivyo walivyo, Injinia aliwaza. Wakibanwa huwa mabubu. Miaka thelathini ya ufundi, na alichobakiza ni kuombaomba jikoni kwa mkwewe.

"Fungua," mkewe alisema.

Injinia alilegeza skrubu tisa bila haraka, akizipanga mstari mezani kama mzee alivyokuwa akizipanga, kwa kejeli. Kisha akaunyanyua ubao kwa vidole viwili. Chini yake, katikati ya doa jeusi la kuungua, kulikuwa na kipande cha chuma kidogo kama punje mbili za mahindi.

Injinia aliisikia raha ikimpanda kifuani. Miaka miwili ya kusema, na hatimaye kitu cha kushika mkononi.

"Chuma," alisema. "Mtu kaacha chuma ndani ya seva, kisha anakuja kunifundisha kazi. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi upuuzi huu." Akakitoa, akamtia mkewe kiganjani. "Haya, umeona kwa macho yako. Mwonyeshe."

Mkewe alikigeuza. Alikifuta masizi kwa ukingo wa gauni, taratibu, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kilikuwa na pembe sita. Alilivuta boksi la bisibisi karibu, akakisukuma kwenye tundu tupu, nacho kikaingia.

Mkewe hakumtazama mumewe.

"Baba," alisema, "ulijua?"

"Siku niliyoulizwa daftari, mimba yako ilikuwa ya miezi minane," mzee alisema, "na daktari alituambia usishtuliwe."