Wembamba wa Bi Mina

Paka ndiye aliyeitoboa siri ya Mwanvita. Mwali alikuwa ndani wiki ya tatu akisubiri harusi, akipelekewa supu ya kuku asubuhi, wali wa nazi mchana na uji wa maziwa jioni, na aliyenenepa alikuwa paka.

Shangazi yake Sihaba, aliyekabidhiwa kumlea mpaka siku ya nikaha, aliinama chini ya kitanda akaikuta sahani imerambwa. Akamshika binti wa kaka yake mkono. Ulikuwa mfupa.

"Nani kakufundisha ushenzi huu?"

Shangazi alijua jibu. Lilikuwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kudarizi.

Baba yake mwali, Mzee Mwinyijuma wa biashara ya nazi, aliletewa televisheni na shemeji yake Msabaha wa Unguja. Bagamoyo nzima haikuwa na nyingine, na mtaa mzima ukahamia kwake kila jioni kutazama kituo cha Unguja, ng'ambo ya bahari. Pembeni pa picha palikuwa na mapande mawili meusi, kushoto na kulia. Mzee aliwaambia majirani kwamba hiyo ni nakshi ya kiwandani, na ole wake atakayeigusa.

Watu wa Unguja walikuwa wembamba. Wote. Majirani walisema kule siku hizi chakula ni cha foleni, wakawaonea huruma. Mwanvita hakuona njaa, aliona uzuri. Alimwona Bi Mina wa kipindi cha mapishi, shingo ndefu, kiuno cha kukamatika kwa viganja viwili, akipika sufuria nzima ya biriani, akionja kijiko kimoja, akitabasamu, na kipindi kikaisha. Mwanvita akaamua kuwa kijiko kile ndicho chakula chake cha siku.

Kilichommaliza zaidi ni mchezo wa kuchekesha. Ndani yake mlikuwa na mtu waliyemwita Pipa. Akikaa, kiti kinavunjika. Akiingia, wenziwe wanaficha vyungu. Kumcheka mtu kwa tumbo lake ni upuuzi, nao waliuita burudani. Kule studio watu walisikika wakicheka mpaka wanakohoa. Bagamoyo walitazamana tu, kwa sababu Pipa waliyemwona wao alikuwa na mwili wa kawaida, wa muuza duka yeyote wa pale mtaani.

"Shangazi," Mwanvita alisema siku moja, "ikiwa yule ndiye Pipa, mimi kule wangeniitaje?"

"Wangekuita mke wa mtu. Kula."

Hakula. Sihaba alimbembeleza, akamtukana, akambana pua na kumtia kijiko kwa nguvu. Mwali alifunga meno uji ukamwagikia kangani. Mama wa bwana harusi alikuja kutoka Pangani kumtazama mkwewe, akafunua shuka, akamfunika tena.

"Sisi tuliposa mtu," alisema. "Hatukuposa mwiko." Akaondoka bila kunywa hata kahawa.

Siku waliyokuwa wakimsinga mwili kwa liwa, Mwanvita alianguka. Daktari aliyeitwa hakuzungusha maneno: moyo umechoka, na asipoanza kula, harusi hataiona.

Sihaba aliibeba televisheni aitupe kisimani. Kaka yake akamziba njia.

"Kitu cha thamani hicho, Sihaba."

"Na mwanao?"

Mzee aliishika televisheni akairudisha mahali pake. Toka siku hiyo Sihaba hakumwamkia kaka yake, na chuki iliyobaki yote akamwekea Bi Mina. Aliichukia shingo yake, alilichukia tabasamu lake, alikichukia kile kijiko. Akampelekea Msabaha ujumbe: mlete mwanamke huyo hapa, aone kwa macho yake alichomfanya mtoto wa watu. Kisha akakaa kupanga matusi, na hakuna hata moja lililomtosha.

Mwanvita alipokosa nguvu za kukaa, kitanda chake kilihamishiwa sebuleni. Ndilo jambo pekee aliloliomba. Alilala ameelekea ukutani, akisikiliza.

Bi Mina alikubali kuja. Jioni walipobisha hodi, kwenye televisheni ilikuwa ikisomwa taarifa ya habari. Sihaba alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, kinywa tayari. Msabaha aliingia wa kwanza. Nyuma yake mama mmoja alijaribu kupita, ubao mmoja wa mlango haukumtosha, ikabidi wafungue na wa pili. Aliingia akihema, akaomba kiti kilicho imara.

Sihaba alichungulia nyuma yake, barazani. Hapakuwa na mtu.

"Bi Mina yuko wapi?"

"Ndiye mimi, dada yangu. Mgonjwa yuko wapi?"

Sauti ilikuwa ileile ya kwenye mapishi. Matusi yote yalimkaukia Sihaba mdomoni. Mgeni alipogeuka kutafuta mgonjwa, macho yake yakapita kwenye televisheni, akasimama.

"Yallah, mbona mmembana hivi msomaji wetu? Msabaha, hukuwaonyesha pa kurekebisha?"

Mwinyijuma aliinuka kumzuia, akachelewa. Bi Mina alikwisha kuuingiza mkono wake mnene nyuma ya televisheni, akazungusha kitu. Msomaji wa habari akatanuka mabega, akatanuka mashavu, akaendelea kutanuka mpaka akajaza kioo, mwanamume mnene, mwenye afya yake, anayesoma bei ya karafuu.

Sihaba alikimbilia kitandani, akamgeuza Mwanvita kichwa ili atazame. Macho yalikuwa wazi. Hayakuwa yakitazama kitu tena.