Magongo ya Bibi Harusi

Kwenye skrini, bibi harusi alitupa magongo yake akamkimbilia bwana harusi.

"Hapo teremka upumzike, dada," fundi wa sauti aliniambia. "Keshapona."

Wiki nzima nilikuwa juu ya ubao wa kurekodia vishindo vya filamu, maikrofoni karibu na sakafu, nikimgongea magongo yangu mwigizaji mwenye miguu yake miwili mizima. Yeye anaonekana, mimi nasikika. Kila jioni mama anauliza, "Tutakuona lini kwenye filamu?" Nikimwambia atege sikio, anasonya.

"Kwani hawezi kuolewa akiwa na magongo yake?" nilimuuliza fundi.

"Muulize aliyeandika." Fundi alikuwa akijibanza ndani ya viatu vya kike vya visigino virefu, ili arekodi zile mbio yeye mwenyewe.

Picha ikarudi nyuma. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Nikaiona tena ile shela, na mwanamume aliyefungua mikono akisubiri.

Sikuteremka. Nilianza kumwendea, ko, ko, ko, taratibu, kwa mwendo wangu.

Fundi alisimama na visigino vyake, akanitazama. Kisha akainama, akavivua kimoja kimoja, polepole, visije vikalia.